Pai ya kuku ya sufuria kwa moto wa juu na chini (oveni si lazima)

Jamani leo si zile pai ndogo za mkononi zenye nyama ya kusaga. Hii ni pai kubwa, pai ya sufuria, chini mchuzi mzito wa kuku na mboga, juu umefunikwa na unga uliookwa ukawa mwekundu, unavunja kwa kijiko mvuke unapanda na hapo tena kila mtu anasogeza sahani. Kuku mmoja anashibisha watu sita. Na musitishwe na zile video za watu wenye oveni za ukutani, hii inapikwa juu ya seredani na makaa juu ya mfuniko, vile vile tunavooka mkate wa kumimina, na ntakwambieni kwa nini mie naona njia hii ndo yake khasa.

Kabla ya kuingia jikoni lazima tupite kwenye historia kidogo, msinune, mana ukiielewa historia utajua unga wako uwe mnene au mwembamba bila kuuliza mtu.

Ulaya ya zamani, karne za kati huko, unga wa pai ulikuwa ndo chombo chenyewe. Vyombo vya kuokea vilikuwa ghali, nyumba nyingi hazina tanuri, sasa watu wanakanda unga mgumu, wanausimamisha kuta zake, wanatia nyama au samaki ndani, wanafunika juu kwa unga huo huo afu wanapeleka kwenye tanuri ya mwokaji wa mtaani. Kikirudi nyumbani wanavunja ganda wanakula cha ndani, ganda lenyewe limekauka hilo, mara nyingi linawaendea watumishi na maskini au linatiwa kwenye supu kuifanya nzito. Na wenye kutaka kuweka akiba walikuwa wanamimina mafuta ya moto kwenye tundu la juu, yakiganda yanaziba hewa nyama inakaa siku kadhaa (hii ni kwa baridi yao ile ya kule, wewe wa Mpendae au Wete, huku kwenye joto letu la Zanzibar, usithubutu).

Biashara ya pai ilikuwa kubwa hasa. London mwaka 1378 wapishi walipangiwa bei rasmi, na ndani ya orodha hiyo mlikuwamo kuku aliyeokwa ndani ya unga. Na wakubwa nao walikuwa na mambo yao, mwaka 1626 Duke wa Buckingham aliwakaribisha mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza na mkewe Henrietta Maria, ikaletwa pai kubwa mezani, ikipasuliwa anatoka mtoto wa miaka saba hivi wa mwili mdogo sana jina lake Jeffrey Hudson, amevaa nguo za kivita. Yaani unga wa namna hiyo ungeula vipi, ule ni sanduku tu.

Kilichobadilisha mambo ni sufuria. Mwaka 1707 Muingereza mmoja Abraham Darby alipata hataza (haki ya kuitumia njia yake peke yake) ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya umbo la mchanga, vyungu vikawa rahisi, na wahamiaji waliokuwa wanakwenda Marekani wakawa wanakaa navyo majumbani, chungu kizito chenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo. Ukingo ule ulikuwa wa nini? Wa kuzuia makaa yasianguke! Walikuwa wanaweka makaa chini na makaa juu. Kwa hiyo mtu akikucheka unapika pai kwa mkaa mwambie wenye pai yao ya sufuria walipika hivo hivo, oveni ya gesi imekuja nyuma sana.

Sasa chungu kikishakuwepo unga hauna tena kazi ya kubeba nyama. Ukabaki mfuniko. Na mfuniko ukishakuwa si chombo unaweza kuwa mwembamba, wenye mafuta, mtamu, wa kuliwa. Hii ndo pai ya sufuria, na hii ndo sababu unga wetu leo hauendi chini wala pembeni, unakaa juu tu. Baadae mwaka 1951 kampuni ya Swanson huko Marekani ikaanza kuuza pai za kuku za kugandishwa kwenye barafu, mtu anaitia kwenye oveni anakula peke yake mbele ya televisheni. Mie hiyo sina hamu nayo.

Na sisi tusijione wageni wa nyama ndani ya unga. Kitabu cha mapishi cha Baghdad cha mwaka 1226 kina sambusa, na Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, huyo huyo aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Delhi alizikuta kwenye karamu za sultani, nyama ya kusaga na lozi na jozi na viungo ndani ya unga mwembamba umekaangwa kwa samli. Wamoroko wana pai yao ya njiwa wenye lozi na mdalasini, juu wanainyunyizia sukari. Kwa hiyo kuku na mdalasini chini ya unga si kituko, watu wameshakula siku nyingi.

Haya tuingie jikoni.

VITU UNAVYOHITAJI

Kuku mmoja wa kilo moja na kitu. Karoti mbili, mbatata mbili za wastani, njegere kikombe kimoja (mbichi za soko la Darajani au za kwenye mfuko zote sawa), kitunguu maji kimoja kikubwa, thomu punje nne, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili TATU tu usizidishe, ndimu. Maziwa nusu kikombe. Samli. Unga wa ngano. Yai moja. Chumvi.

Tungule sikuziandika kwa makusudi. Ukitia tungule utapata mchuzi wa kuku wenye chapati juu, utakuwa mtamu sitakataa, lakini si pai. Bizari ya manjano pia iache siku hii.

Sufuria iwe nzito, upana wa sentimita 24 hivi, na mfuniko bapa au sinia la bati la kufunikia. Mfuniko wenye kishikio cha plastiki hapana, utayeyuka.

HATUA YA 1: kuku

Mchemshe kuku mzima au vipande vikubwa pamoja na tangawizi, thomu, mdalasini, karafuu, chumvi na maji ya kumfunika tu. Kuku wa kisasa dakika 35 zinamtosha, wa kienyeji mpe saa na zaidi mpaka nyama ikubali kuachana na mfupa. Hapa ndo tofauti ya pai nzuri na pai ya kawaida, supu ya kuku wa kienyeji ina ladha ambayo huipati kwa kidonge cha supu hata utie vinne. Mtoe, mwache apoe, chambua nyama kwa mkono vipande vya kutosha mdomo mmoja, usizisage. Mifupa irudishe kwenye supu ichemke tena robo saa wakati wewe unakata mboga, afu chuja. Unataka ubaki na supu vikombe viwili, ikiwa nyingi iache ichemke ipungue.

HATUA YA 2: mchuzi mzito

Mbatata na karoti kata vipande vidogo kama dado na uvichemshe kidogo ndani ya supu, vikianza tu kulainika toa, mana vitaiva tena ndani.

Sasa weka samli vijiko vinne vya kulia kwenye sufuria ile utakayookea, kaanga kitunguu kilainike kisiwe chekundu, tia unga wa ngano vijiko sita vya kulia ukoroge kwa moto mdogo dakika mbili tatu mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Anza kumimina supu kidogo kidogo huku unakoroga, usimimine yote kwa mpigo utapata mabonge halafu uanze kunitukana. Supu ikisha tia maziwa. Iache itokote polepole dakika tano. Pitisha mwiko chini ya sufuria, ukiona njia inabaki wazi kidogo kabla mchuzi haujarudi basi ndo uzito wenyewe. Ukiwa mwepesi kuliko hapo unga wa juu utaloa na kuzama, na hii ndo sababu kubwa ya pai nyingi kuharibika, watu wanalaumu unga kumbe mchuzi ulikuwa maji.

Tia nyama, mbatata, karoti, njegere, pilipili manga nyingi, kamulia ndimu nusu, onja chumvi. Ijae robo tatu ya sufuria isizidi, juu unataka nafasi ya vidole vitatu vinne baina ya unga na mfuniko.

Epua. IACHE IPOE mpaka iwe vuguvugu. Mchuzi ukiwa wa moto mvuke wake unaanza kuupika unga kwa chini kabla moto wa juu haujaushika, unabaki mbichi unaonata. Lakini na joto letu hili usiiache kutwa mezani, ndani ya saa mbili iwe imefunikwa na unga na imekwenda motoni, au iingie friji.

HATUA YA 3: unga, na hapa nina maneno mengi

Mapishi mengi ya mtandaoni yatakwambia chukua siagi baridi ya friji, isugue kwenye unga, tia maji ya barafu, weka friji nusu saa, sukuma, rudisha friji. Sababu ipo na ni ya kweli: siagi ina maji ndani yake, kama asilimia 16 hivi, ikiingia motoni ikiwa bado vipande vipande yale maji yanageuka mvuke yanaunyanyua unga, ndo unapata tabaka tabaka. Lakini siagi inatakiwa ibaki ngumu mpaka dakika ya mwisho. Sasa mwezi wa pili, jua la kaskazi, nyuzi 32 jikoni, umeme umekatika, siagi itabaki ngumu wapi? Kabla hujamaliza kusukuma imeshakuwa mafuta mkononi. Mwenye kiyoyozi na friji isiyosumbua na afanye hivo, sisi wengine tuna njia nyengine.

Waingereza wenyewe wana unga wa maji ya moto, wa tangu zamani ile ile ya pai zinazosimama zenyewe. Mafuta yanayeyushwa kwenye maji ya moto afu yanamiminwa kwenye unga, hauna haja ya baridi wala friji, tena unataka usukumwe ukiwa bado na joto. Wao wanatumia mafuta ya nguruwe, sisi tunatia samli na wallahi samli inaupendeza zaidi. Hautoki tabaka tabaka, unatoka mkavu, unaovunjika, wenye harufu, na kwa kuwa una nguvu hauzami ovyo kwenye mchuzi. Kwa hali ya hewa ya visiwani mie naona huu ndo unga wetu.

Vipimo: unga wa ngano gramu 300 (vikombe viwili na nusu kasoro kidogo), chumvi kijiko cha chai kimoja kisichojaa, samli gramu 110, maji mililita 125 yaani nusu kikombe. Maji na samli vitie kwenye kisufuria mpaka vichemke na samli iyeyuke yote. Mimina kwenye unga wenye chumvi, koroga na mwiko kwanza mana ni moto kweli kweli, ukiweza kuushika ukande kidogo tu mpaka ushikane uwe laini. Usiukande kama unga wa chapati, ukiukanda sana unavutika na kurudi nyuma ukiusukuma na ukiiva unakuwa mgumu. Ufunike na kitambaa dakika kumi, si zaidi, ukipoa kabisa unaanza kupasuka. Ukishapasuka ukande tena kwa mkono wa joto na tone la maji ya moto, utarudi.

Sukuma duara unene wa nusu sentimita kasoro, pana kuliko sufuria kwa vidole viwili kila upande.

HATUA YA 4: kufunika

Paka samli kuta za sufuria juu ya mchuzi. Zungusha unga kwenye kifimbo cha kusukumia, ukunjue juu ya mchuzi, zile ncha zilizozidi zikunje kwa ndani zigande na ukuta wa sufuria pande zote, minya kwa uma. Toboa tundu katikati la upana wa shilingi mia na chanja mara nne pembeni. Tundu si pambo, mvuke usipopata pa kutokea utajitafutia njia wenyewe pembeni na mchuzi utapanda juu ya unga.

Paka yai lililopigwa. Mabaki ya unga kata majani au nyota ubandike ukipenda, watoto wanafurahi.

HATUA YA 5: moto

Washa mkaa nje au jikoni penye madirisha wazi, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana, inaua kimya kimya ndani ya chumba kilichofungwa. Subiri makaa yawe mekundu yote yenye majivu kidogo juu, ndo uanze kugawa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Wengi wanagawa nusu kwa nusu kama keki na hapo ndo chini inaungua. Keki ni mbichi yote lakini cha chini hapa kimeshaiva, kinataka kupashwa tu, kazi yote iko juu kwenye unga. Tandaza yale makaa ya juu zaidi pembeni mwa mfuniko kuliko katikati, katikati panawahi kuungua.

Acha dakika 20 usifunue. Afu funua kwa uangalifu, nyanyua mfuniko wima kwa koleo mbili, ukiuinamisha majivu yote yanamwagika kwenye pai na hakuna dawa ya majivu. Unga ukiwa bado mweupe ongeza makaa juu, vifuu vya nazi ni vizuri sana hapa vinatoa joto kali la haraka. Jumla ni baina ya dakika 35 na 45. Utajua imeiva kwa kuona rangi, na mchuzi unatokota kwenye lile tundu la katikati, na ukiugonga unga kwa kucha unasikia umekauka.

Wenye oveni: nyuzi 200, dakika 35 mpaka 40, rafu ya juu kidogo. Imekwisha hiyo.

HATUA YA 6: kuila

Epua iache robo saa. Najua harufu inatesa, khasa ikiwa ni futari na adhana ndo hiyo, tende na uji kwanza, pai ipo haikimbii. Ukiikata papo hapo mchuzi unamwagika wote na ulimi unaungua.

Usiimimine kwenye sinia. Iweke sufuria yenyewe katikati, vunja unga kwa kijiko kikubwa, kila mtu apate kipande cha unga na mchuzi wake, na kile cha pembeni kilichogandana na ukuta wa sufuria ndo kinachogombaniwa kama ukoko wa wali. Kachumbari yenye ndimu pembeni, achari ya embe, pilipili ya kuponda. Wali haufai hapa, mshautia unga, ntakuwa mkali kwenye hili. Chai ya maziwa baadae.

KWA WANAOTAKA SAMAKI

Nguru au jodari ndo wanaokaa vizuri, changu mtamu lakini miba yake inataka subira. Mkate vipande vikubwa, mpake ndimu na chumvi, mkaange juujuu tu asiive ndani. Badala ya supu na maziwa tumia tui zito vikombe viwili na nusu, unga uukoroge kwanza kwenye tui la baridi ndo upeleke motoni, na uendelee kukoroga mpaka uwe mzito, ukiliacha litokote kwa nguvu linakatika. Samaki mtie mwisho kabisa usimkoroge. Mdalasini na karafuu toa, tia kotmiri na pilipili mbichi. Pweza pia anakubali lakini achemshwe alainike kabisa kabla, moto wa pai hautamlainisha tena.

KIPORO

Kikibaki weka friji ndani ya saa mbili, kesho yake kipashe kwenye sufuria hiyo hiyo kwa moto mdogo chini na makaa machache juu mpaka mchuzi uchemke tena. Maikrowevu itakupashia mchuzi lakini unga utakuwa kama sponji, ukiwa huna njia nyengine utoe unga pembeni uukaushe peke yake kwenye tawa.